Kabla ya Kuwekewa Betri, Itayarishe Nyumba

Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Mombasa na mkaazi wa Leicester, ambaye mwenyewe ana kichocheo cha neva mgongoni tangu 2016, yaani kifaa chenye waya na betri kinachopeleka umeme mdogo mgongoni kupunguza maumivu.

SWALI

Shikamoo mama. Nina miaka 46, naishi Birmingham na mume wangu na watoto watatu, kitinda mimba ana miaka minne. Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mwaka 2019 nilimnyanyua mzee mmoja vibaya, diski ya mgongo ikateleza. Nimepasuliwa mara mbili. Mgongo umetulia, lakini mguu wa kushoto unawaka kuanzia kwenye tako mpaka kidole gumba, kama nimekanyaga makaa. Vidonge vinanilaza usingizi tu, moto uko palepale.

Sasa madaktari wa maumivu wamesema nitawekewa kichocheo cha neva: kwanza jaribio, halafu chenyewe. Nimepewa kijitabu, nimekisoma mara tatu na bado naogopa. Huo umeme mgongoni hautanidhuru? Nijitayarishe vipi? Nitakaa muda gani kabla ya kurudia shughuli zangu? Mume wangu anasema ni kazi ya siku moja, nikitoka hospitali nimeshapona. Mimi nasali, na nyumbani kazi zote za kuinama ni zangu. Mama mkwe anakuja kutoka Mombasa mwezi huohuo wa upasuaji, na sote tulikuwa tumepanga kwenda nyumbani Disemba.

Mama wa watatu, Birmingham

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako huku mkono uko kwenye nyonga, maana huo moto wa kutoka kwenye tako hadi kidole gumba naujua. Wangu ulikuwa mguu wa kulia, nao ulibaki baada ya upasuaji wa mgongo kama ulivyobaki wako.

Nitaanza na mume wako, kwa sababu hapo naona hatari kubwa kuliko kwenye umeme. Ni kweli kwamba kazi yenyewe huchukua saa moja au mbili, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Lakini waya unaolazwa mgongoni hauna kitu kigumu cha kuushika siku za mwanzo. Umefungwa kwa nyuzi kwenye nyama tu, na mwili unahitaji wiki sita hadi nane kujenga kovu la kuushikilia. Ukiinama, ukajipinda au ukanyanyua kizito kabla ya hapo, waya unaweza kuhama.

Mimi ulinihama wiki ya nne. Wageni sita walikuja kunipa pole, nikaona haya kuwaacha na chai kavu. Nikainama kuvuta sufuria kubwa ya pilau kwenye kabati la chini. Palepale sikusikia kitu. Usiku nilipolala, ule mtekenyo niliokuwa nausikia mguuni nikausikia kwenye mbavu. Picha ya eksirei ikaonyesha waya umehama. Wataalamu wakajaribu kurekebisha kwa kompyuta, wakaupata mguu nusu, nusu ikawashinda, na baada ya miezi mitatu nikarudishwa kwenye meza ya upasuaji. Jeraha jipya, wiki sita upya. Hakuna aliyeniamuru niiname. Ila hakuna pia aliyejua kwamba siruhusiwi, kwa kuwa mimi mwenyewe sikumwambia mtu. Maumivu ya neva hayaonekani, na betri iliyo chini ya ngozi haionekani. Watu wakikukuta umesimama na umejifunga leso vizuri, wanaamini umepona.

Kwa hiyo mume wako aje kliniki nawe, amsikie mtaalamu kwa masikio yake. Na mama mkwe aambiwe kabla hajapanda ndege, tena aambiwe na mwanawe, si na wewe. Ukimwambia wewe utaonekana unakwepa kumhudumia. Akiambiwa na mwanawe atakuja akijua anakuja kusaidia. Mama zetu ukiwapa kazi mapema huifanya kwa moyo. Atakapofika aingie jikoni, na wewe ukae.

Sasa umeme. Ukijigonga kiwiko unafanya nini? Unakisugua, na maumivu yanapungua. Mwaka 1965 Ronald Melzack, Mkanada, na Patrick Wall, Mwingereza, walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kama lango: habari za mguso zikipita kwa wingi, lango huzibana habari za maumivu zisifike zote kwenye ubongo. Miaka miwili tu baadaye, 1967, daktari Norman Shealy wa Marekani alimwekea mgonjwa kichocheo cha kwanza kwa kufuata wazo hilo. Siku hizi wataalamu wanasema mambo ni mengi kuliko lango peke yake, lakini msingi ndio huo. Waya hauingii ndani ya neva kuu inayopita katikati ya uti wa mgongo. Unalazwa kwenye nafasi iliyo nje ya utando unaoizunguka, na kwa maumivu ya mguu mara nyingi ncha zake hukaa usawa wa pingili ya nane hadi ya kumi za mgongo wa kifuani. Umeme wenyewe ni mdogo sana. Vichocheo vya kawaida humfanya mtu asikie mtekenyo pale palipokuwa na moto, kama maji ya soda yanayotibuka ndani ya mguu. Viko vingine vinavyopiga mara 10,000 kwa sekunde, na hivyo husikii chochote ila maumivu kushuka. Muulize daktari wako unapewa cha aina gani, na kwa nini hicho.

Usidhani pia wamekuchagua kwa kukosa la kufanya. Mwongozo wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2008 na NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, unataka mtu awe na maumivu ya neva yasiyopungua 50 kwenye kipimo cha 0 hadi 100, kwa miezi sita au zaidi, pamoja na kwamba ametibiwa kwa njia nyingine, na awe amefaulu jaribio. Ndiyo maana utakutana hata na mwanasaikolojia. Wengi wetu tukisikia hivyo tunaudhika, tunaona kama tunaambiwa maumivu ni ya kichwani. Sivyo. Anataka kujua una msaada gani nyumbani, usingizi wako ukoje, unatarajia nini. Mwambie kweli. Ukimwambia unatarajia kupona kabisa, atakurekebisha, na ni heri urekebishwe mapema. Hii mashine haiponyi neva. Jaribio huhesabiwa limefaulu maumivu yakipungua kwa nusu. Yangu yalikuwa nane juu ya kumi, sasa ni tatu, na siku za baridi kali nne.

Jaribio hilo nakuomba ulitumie vizuri. Nyaya huingizwa kwa sindano, ncha zake zikabaki nje zimebandikwa kwa plasta, zikaunganishwa na kijisanduku unachokivaa kiunoni kwa siku chache, pengine wiki moja au mbili. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kulala kitandani muda wote kwa kuogopa, kisha siku ya mwisho wanaulizwa kumepungua kiasi gani na hawana la kujibu, kwani mguu uliolazwa nao hutulia. Usiiname wala usinyanyue, lakini tembea, kaa kwenye kiti ulichokuwa hukiwezi, simama jikoni. Kabla ya siku hiyo andika mambo matatu unayotaka uyaweze tena, na yawe mambo ya kupimika. Langu la kwanza lilikuwa kusimama nikasukuma chapati kumi na mbili bila kuvuta kiti. Kabla ya jaribio nilikuwa nakaa kwenye ya tatu. Siku ya nne ya jaribio nilizimaliza zote, mume wangu akizigeuza kwenye chuma, na hapo nikajua jibu langu. Daftari lako liwe na usingizi, hatua, na vidonge ulivyomeza. Na kama haikusaidia, sema haikusaidia. Usione haya mbele ya daktari aliyejitahidi, maana kubeba mashine isiyofanya kazi ni mzigo wa miaka. Muda wote huo hutaoga, utajipangusa kwa kitambaa.

Kuhusu mwili: taja kila dawa unayomeza, hata ile uliyotumiwa na shangazi kwenye chupa. Dawa za kufanya damu iwe nyepesi, kama wafarini, klopidogreli na aspirini, ni hatari hapa, kwa sababu damu ikivuja ndani ya uti wa mgongo huweza kuibana neva kuu. Vidonge vya vitunguu saumu na vya mafuta ya samaki navyo vitaje. Lakini usiache chochote kwa uamuzi wako, wala vile vidonge vikali vya maumivu usivikatishe ghafla. Wao ndio watakaokupangia siku. Kama una sukari, ishushe sasa, kwani sukari iliyo juu hukaribisha usaha, na usaha ukiingia kwenye betri mara nyingi mashine yote hutolewa. Sigara vilevile huchelewesha jeraha kufunga. Jino bovu, jipu, homa, mkojo unaowasha, wapigie simu useme. Kuahirisha wiki mbili ni bora kuliko kuchimbuliwa.

Utapewa sabuni ya kuua vijidudu ya kuogea. Ukishaoga nayo usijipake mafuta, wala manukato, wala liwa. Bangili zivue nyumbani, na kama kuna harusi wiki hiyo usijaze hina kwenye kucha zote. Bakisha kidole kitupu kwa kile kibanio kinachopima oksijeni.

Kuna jambo jingine dogo ambalo halimo kwenye vijitabu. Betri huwekwa kwenye mfuko chini ya ngozi, mara nyingi juu ya tako au ubavuni. Itakaa hapo miaka. Kabla hawajakuchora alama, vaa nguo unazovaa kila siku, ukae kitini, uwaonyeshe mahali fundo la leso linapokaa, mahali mpira wa sketi unapobana, na upande unaoulalia. Mimi nilikwenda na leso yangu kwenye mfuko, nikajifunga mbele ya muuguzi, naye akateremsha alama vidole viwili. Leo mwenzangu mmoja tuliyewekewa mwaka uleule anavaa suruali zilizolegea tu kwa kuwa mkanda unamsugua. Uliza pia kama betri ni ya kuchaji. Ya kuchaji huweza kudumu miaka 10 au zaidi, lakini inakutaka ukae na chaja imebanwa kwenye ngozi mara kwa mara. Isiyochajiwa hudumu miaka michache, kisha hubadilishwa kwa upasuaji mdogo.

Siku yenyewe, kama hujapewa nusu kaputi, watakuamsha katikati na kukuuliza mtekenyo unausikia wapi. Jibu kwa usahihi: gotini, unyayoni, upande wa nje wa shavu la mguu. Wao wanausogeza waya kwa kukufuata wewe.

Halafu nyumbani. Siku kumi za kwanza jeraha linauma, na wengine hulia wakidhani wamekosea kukubali. Maumivu ya kisu siyo maumivu yako ya zamani. Usiipime mashine kwa siku hizo. Nyuzi au pini hutolewa baada ya siku 10 hadi 14 hivi, na mpaka kidonda kikauke usijizamishe kwenye beseni la kuogea wala bwawa. Kutoka kitandani, geuka mwili mzima kama gogo, teremsha miguu, jisukume kwa mkono. Usinyanyue zaidi ya birika la maji, na usipandishe mikono juu ya kichwa kutungika nguo au kufikia kabati la juu. Kabla hujaenda hospitali panga jikoni upya: sufuria, mchele, unga, vyote viwekwe usawa wa kiuno. Ufagio wa njiti ufichwe kabisa. Mbuzi ya kukunia nazi nayo. Tumieni nazi ya kopo miezi miwili hiyo.

Swala utaiswali kitini, kwa ishara, rukuu na sijida zote. Najua inavyoumiza moyo kukosa paji la uso kugusa mswala. Nilimuuliza shehe wangu kuhusu udhu, akaniambia nisilowanishe bandeji, nipitishe mkono wenye unyevu juu yake. Muulize na wako.

Mtoto wa miaka minne ndiye atakayekujaribu zaidi. Hatakiwi kubebwa wiki zote hizo. Mfundishe kuanzia leo kupanda kwenye sofa mwenyewe na kukaa ubavuni kwako. Binti yangu alikuwa mkubwa wakati wangu, lakini mjukuu alikuwa na miaka mitatu, na tulifanya mazoezi ya "bibi anakaa kwanza" wiki mbili kabla. Alilia siku mbili, ya tatu akazoea.

Mtekenyo utabadilika ukilala, ukikohoa, ukigeuka. Utapanda ghafla kama mtu aliyekushtua. Ni kawaida, rimoti iwe karibu. Utarudi kliniki mara kadhaa kupangiwa programu, na hapo ndipo kazi nzuri hufanyika, kwa hiyo usikose hata siku moja kwa kuwa "leo nimeamka vizuri". Gari usiendeshe mpaka wakuruhusu, na kama chako ni cha mtekenyo kizime kabla hujakamata usukani. Kazi ya kunyanyua wazee, kwa maoni yangu, usiirudie kabisa. Omba barua ya daktari na uzungumze na mwajiri kuhusu kazi nyingine mapema.

Sasa nisikilize kwa makini. Miguu ikilegea au kufa ganzi, ukashindwa kuzuia mkojo au choo, au ukafa ganzi sehemu za siri, usingoje mume arudi kutoka kazini. Piga 999 na useme una waya mpya mgongoni. Homa, jeraha kuwa jekundu na moto, au kutoa maji, piga simu hospitali siku hiyohiyo. Kichwa kikiuma sana unapoketi na kupoa unapolala, huenda utando umetobolewa na maji ya uti wa mgongo yanavuja. Hilo lina matibabu yake, waambie.

Safari ya Disemba itategemea tarehe ya upasuaji. Kama wiki nane hazijaisha, ahirisheni, hata kama tiketi imelipiwa. Nakujua, utasema utakaa tu kwenye ndege. Lakini nani atashusha begi juu, na nani atainama kuoga kwa kata na ndoo? Zikishatimia, nenda. Beba kadi ya mashine pamoja na pasipoti, na uwanja wa ndege uombe wakupapase kwa mkono badala ya kupita kwenye lango. Mombasa madukani na benki walinzi wana malango na vile vijiti. Onyesha kadi, usisimame katikati ya lango, na kijiti kisikae juu ya betri. Chaja iwe kwenye mkoba wa mkononi. Plagi ni ileile ya pini tatu, ila usingoje betri ikaribie kuisha, kwani stima ikipotea Ijumaa huenda usiione mpaka Jumamosi.

SWALI

Mama yangu ana miaka 63, alikwenda India akawekewa mashine ya maumivu ya mguu, amerudi Mombasa na wiki ya tano inaingia. Jirani yetu ni mkandaji hodari, amejitolea aje amkande na mafuta ya karafuu kiuno kisikaze. Mama mwenyewe anataka pia apigwe chuku. Nikatae?

Binti yake, Kisauni

JIBU

Kataa, mwanangu, na mkandaji mpe heshima yake, amkande miguu kuanzia gotini kushuka chini, pole pole. Mgongoni na kwenye betri mkono wa mtu usibonyeze. Chuku ndiyo kabisa: kuchanjwa ngozi karibu na mashine ni kuufungulia usaha mlango, na kunyonywa kwa kikombe kunavuta nyama ambayo waya umefungiwa. Hata miezi ikipita, mahali pale pasichanjwe.

Jambo jingine usilolitaja. Akipelekwa tiba ya viungo, kuna mashine ya kupasha moto nyama kwa mawimbi ya umeme. Hiyo haruhusiwi kamwe, maana moto wake husafiri kwenye waya ukaunguza ndani, hata kichocheo kikiwa kimezimwa. Na akihitaji MRI, kile kipimo cha picha kinachotumia sumaku, wasome kwanza kadi yake. Vichocheo vingine vinakubali kwa masharti, vingine havikubali.

Hiyo kadi iko wapi? Iangalie leo. Ipige picha kwa simu, pande zote mbili, uwe nayo wewe na kaka zako, pamoja na namba ya daktari wa India. Halafu ketini na mama, mwashe rimoti pamoja, mpaka hata wewe ujue kuizima.